Fedha za Michezo ya Majirani: Fungu la Visiwa Li Wapi?

Kutoa fedha za Serikali ili vijana wa nchi moja wakacheze na vijana wa nchi ya pili si jambo la kupingwa na mtu mwenye akili timamu. Watu wakikutana hujuana, na wakijuana hupungukiwa na sababu za kuchukiana. Na uwanja wa mpira ni mahali pepesi pa kukutania kuliko ukumbi wa mikutano, maana hauhitaji mkalimani wala posho ya kikao. Basi asije mtu akayasoma maneno haya akadhani kwamba tumekusudia kuilaumu Serikali kwa sababu imetumia fedha ili majirani waje wacheze kwetu. Tunalolitafuta ni jingine kabisa. Twataka kujua fedha hizo zatoka mfuko gani, zaingia mkono gani, na zikishaingia huko zawanunulia nini watu wa Unguja na Pemba.

Na tuanze na lile ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana kuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, yaani yale ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Mashindano hayo yalikuwa yafanyike mwezi wa Februari, yakaahirishwa kwa kuwa viwanja havikuwa tayari. Yalipofika, kundi moja lilipangiwa uwanja wa Amaan kwa sehemu kubwa ya mechi zake: Senegal, Nigeria, Kongo ya Brazzaville na Sudan. Tuliwaona Wasudani wakiwafunga Wanigeria mabao manne kwa sufuri, jambo ambalo hata wapenzi wakubwa wa kandanda hawakulitazamia, na katika robo fainali wakawatoa Waaljeria kwa mikwaju ya penalti, hapo hapo Amaan. Mji ulichangamka. Mimi ni mwenye duka, na sitaficha kwamba siku zile maji ya chupa yalikuwa yakinimalizikia kabla ya alasiri, na vijana waliokuwa wakikaa barazani kwangu bila kazi walipata vibarua vya siku mbili tatu. Yaliyo mema yasemwe kuwa ni mema.

Lakini katika furaha ile lilikuwamo jambo moja ambalo wengi walilipita bila kulitazama. Sudan ni nchi iliyoingia vitani Aprili 2023. Wachezaji wake walikuwa wakifanya mazoezi ugenini na kulala ugenini; pamoja na hayo yote, walipoingia Amaan waliingia kwa jina lao, na bendera yao ikapandishwa mlingotini. Sisi, ambao uwanja ni wetu, ambao taa ni zetu na majani ni yetu, jina letu halikuwamo katika orodha ya washindani wala katika orodha ya wenyeji. Wenyeji mbele ya Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, walikuwa ni vyama vya nchi tatu zilizo wanachama. Chama chetu cha mpira, ZFF, hakimo katika uanachama kamili wa CAF, na kwa hiyo hakikuwa na mahali pa kutia saini. Kwa lugha ya mtaani, tulikuwa wenye uwanja, hatukuwa wenye shughuli. Mwenye uwanja huazimwa ukumbi, akashukuriwa, akapewa sahani yake ya biriani. Mwenye shughuli ndiye anayejua kilichotumika na kilichobaki.

Kwa nini ikawa hivi? Hapa yatupasa tuingie kidogo katika sheria, na namwomba msomaji astahamili, kwani ndiko ulikofichwa mzizi wa mambo. Mambo ya Muungano yalipowekwa mwaka 1964 yalikuwa 11. Yameongezwa mara kwa mara mpaka yakafika 22. Chukua orodha hiyo uisome kuanzia la kwanza hadi la mwisho: michezo haimo. Ndiyo maana Bara wana Baraza lao la Michezo, nasi tunalo letu; wana ligi yao, nasi tunayo yetu. Lakini katika orodha hiyo hiyo yamo Mambo ya Nchi za Nje. Basi tazama mpira unavyobadilika hali yake. Ukichezwa Mkokotoni au Konde, ni mpira wa Zanzibar, na Waziri wa hapa ndiye mwenye dhamana nao. Ukishavuka mnara wa Chumbe kwenda kuchezwa na jirani, umeingia katika mambo ya nje, na mwenye kauli ni mwingine. Ushirika wa michezo baina ya nchi umeangukia pale pale kwenye mshono, baina ya lile lililo letu na lile lisilokuwa letu. Na kila mshoni anajua kwamba kanzu haichaniki katikati ya kitambaa, huchanika kwenye mshono.

Mwaka 2017 mshono huo ulichanika mbele ya macho ya Afrika nzima. Tarehe 16 Machi, katika mkutano wa CAF uliofanyika Addis Ababa, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 55. Watu walitoka barabarani kwa furaha, na wazee waliokuwa wameicheza au kuitazama timu yetu kwa miaka mingi wakaona kwamba wamejaaliwa kuishi hadi kuiona siku ile. Haikutimia miezi mitano. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, huko Rabat, Rais wa CAF wa wakati huo, Ahmad Ahmad, akatangaza kwamba kukubaliwa kwetu kulikuwa ni kosa, kwa hoja kwamba CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Uanachama ukafutwa.

Wako wanaosema kwamba hilo ni jambo la heshima tu, na heshima haijazi tumbo. Wamekosea hesabu. FIFA ina mpango wake wa maendeleo, na kwa kipindi cha mwaka 2023 hadi 2026 kila chama mwanachama, katika vyama 211, kiliwekewa fungu la kufikia dola milioni 8, kwa ajili ya uendeshaji na kwa ajili ya miradi kama viwanja na majengo. Visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki vina fungu lao. Wakomoro, ndugu zetu wa damu na wa jahazi, ambao wameingia FIFA mwaka 2005 tu, wana fungu lao. Na Januari 2022, katika fainali za Afrika zilizochezwa Kameruni, waliwafunga Ghana mabao matatu kwa mawili na kuwafungisha virago. Watu wa Ngazidja na Nzwani hawakuzaliwa na miguu isiyokuwa kama yetu. Walichotuzidi ni mlango wa kubisha. Sisi lolote litakalotufikia kutoka huko sharti lipitie mkono wa mwingine kwanza, na mwenye kupokea kwa mkono wa mwingine hana haki ya kuhesabu, hushukuru tu.

Wala isisemwe kwamba mlango umefungwa na FIFA pekee. Katiba ya FIFA yenyewe yasema kwamba chama cha eneo ambalo halijapata uhuru wake chaweza kuomba uanachama, kwa idhini ya chama cha nchi ambayo eneo hilo limo chini yake. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme wa Denmark, vimo FIFA tangu mwaka 1988. Tena mwaka 2006 vijana wetu walikwenda Hamburg, Ujerumani, kushiriki kombe la timu zisizotambuliwa na FIFA, wakafika fainali na kushindwa kwa penalti na Saiprasi ya Kaskazini. Katika kombe lile ilikuwamo pia Gibraltar, mwamba mdogo ambao mpaka leo si dola huru. Gibraltar imeingia shirikisho la Ulaya mwaka 2013, na FIFA mwaka 2016. Sisi tungali pale pale. Neno hilo "idhini" lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Dar es Salaam. Lakini nani katika Serikali yetu amekwenda kulidai kwa barua yenye tarehe na muhuri? Kama barua hiyo ipo, ionyeshwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote niliyotangulia kuyasema.

Yapo mashindano moja tu ya wakubwa ambamo timu ya Zanzibar huingia kwa jina lake, kwa haki yake, bila kuomba hisani ya mtu. Nayo ni Kombe la Chalenji la CECAFA. Asili yake ni ya zamani sana. Mwaka 1926 kampuni ya sabuni ya Gossage ilitoa kombe ligombewe na Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kombe la Gossage likachezwa mara 37 mpaka lilipokoma mwaka 1966. Mwaka uliofuata likazaliwa Kombe la Chalenji, na tangu 1973 limekuwa chini ya CECAFA, chama cha mpira cha Afrika ya Mashariki na Kati, ambacho Zanzibar ni mwanachama wake kamili miongoni mwa wanachama 12. Mwaka 1995 vijana wetu walilitwaa kombe hilo katika ardhi ya Uganda, kwa kuwafunga Waganda wenyewe. Na Desemba 2017, miezi mitano tu baada ya fedheha ya Rabat, walikwenda Kenya, wakaifunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja, wakaifunga Uganda mabao mawili kwa moja katika nusu fainali, na huko Machakos wakatoka sare ya mbili kwa mbili na wenyeji katika fainali, wakashindwa kwa penalti. Feisal Salum, ambaye leo kila mtoto wa Bara analijua jina lake, alikuwamo katika kikosi kile. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yetu ya rufaa, na iliandikwa kwa miguu.

Je, kombe hilo lina hali gani? Mwaka 2014 halikuchezwa. Mwaka 2016 halikuchezwa. Mwaka 2018 halikuchezwa. Mwaka 2019 lilichezwa Kampala, na Waganda wakalitwaa. Mwaka 2020 halikuchezwa, na huo ulikuwa mwaka wa maradhi, tusiwalaumu. Mwaka 2021 lilipofufuliwa huko Ethiopia lilichezwa na vijana wa chini ya miaka 23. Hesabu wewe mwenyewe. Wakati wa ukoloni, ndani ya miaka 41 ambayo katikati yake ilipita vita kuu ya dunia, kombe la muuza sabuni lilichezwa mara 37. Na katika zama za serikali huru, zenye jumuiya, mikataba, mabunge na makao makuu ya ghorofa, kombe lile lile likawa linachechemea mwaka hadi mwaka kama punda mwenye jeraha la kwato.

Sababu si siri. Mashindano hayo hayana mfuko wake. Kila mara hutafutwa serikali moja ikubali kubeba mzigo: hoteli, usafiri wa ndani, waamuzi, zawadi. Serikali ikikubali, kombe huchezwa. Ikighairi, au ikiingia katika uchaguzi, au ikikosa fedha, kombe hufa kwa mwaka ule. Hata kombe la klabu za ukanda huu limesimama muda mrefu kwa mkono wa mtu mmoja: tangu mwaka 2002 Rais Kagame wa Rwanda amekuwa akitoa zawadi ya dola 60,000, na kombe likaitwa kwa jina lake. Twamshukuru. Lakini ushirika wa nchi nyingi unaotegemea ukarimu wa mtu mmoja, siku mtu huyo akifunga mkono utakuwaje?

Na hapa ndipo penye dhulma, ijapokuwa sidhani kwamba kuna mtu aliyekaa akaipanga. Kenya ikikosa Kombe la Chalenji, imekosa kombe moja. Inayo mechi za kufuzu Kombe la Dunia, inayo za kufuzu fainali za Afrika, na ilikuwa nayo CHAN. Uganda hali kadhalika, na Tanzania hali kadhalika. Zanzibar ikikosa Kombe la Chalenji, imekosa vyote. Kijana wa Pemba aliyekuwa na miaka 18 wakati wa kombe la Kampala la 2019 alitimiza miaka 23 mwaka 2024, na katika umri huo wote, ulio bora kwa mchezaji, hakuitwa hata mara moja kuvaa jezi ya wakubwa ya nchi yake katika Kombe la Chalenji, kwa kuwa kombe lenyewe halikuwapo. Kijana kama huyo hufanya moja katika mawili. Huvuka bahari kwenda kutafuta klabu Bara, au huacha mpira akaenda kuvuna karafuu na kuendesha bodaboda. Wa kwanza tunamsikia redioni. Wa pili tunamjua kwa sababu hununua sigara moja moja kwa mkopo.

Nitaambiwa: Serikali imekwisha kulitazama hilo, maana Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa badala ya klabu, tena Gombani, Pemba. Kweli, na lilikuwa jambo zuri. Kenya walikuja, Bara walikuja, Burkina Faso walitoka mbali wakaja, na vijana wetu wakawafunga Waburkinabe mabao mawili kwa moja katika fainali na kulitwaa kombe mbele ya watu wao. Mwenye kukanusha furaha ya siku ile hakuwapo Pemba. Lakini hilo ni kombe la sherehe. Mwenye sherehe hualika amtakaye, na mwakani hubadilisha aina ya wageni akipenda. Ushirika ni kitu kingine. Ushirika ni pale ambapo kila mmoja ametoa, na kwa kuwa ametoa ana haki ya kudai.

Vyombo vya ushirika huo vipo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ibara yake ya 119 yazitaka nchi wanachama zishirikiane kwa karibu katika utamaduni na michezo. Si nasaha hiyo, ni mkataba. Jumuiya sasa ina nchi nane, na michango yao katika bajeti ya Jumuiya ndiyo inayoendesha mambo yake. Tena tusisahau: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya hiyo hiyo, makao yake makuu yako hapa Unguja. Kwa hiyo hoja kwamba Jumuiya haiwezi kuweka chombo visiwani kwa kuwa visiwa si dola imekwisha kuvunjwa na Jumuiya yenyewe. Lililowezekana kwa lugha haliwezekani kwa michezo kwa sababu gani?

Ama kuhusu fedha, asitudanganye mtu kwamba hazipo. Tarehe 27 Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa fainali za Afrika za mwaka 2027, na zikaitwa kwa neno letu la Kiswahili, Pamoja. Ada ya uenyeji iliyotajwa hadharani ni dola milioni 30 kwa kila nchi. Nchi tatu, dola milioni 90. Na hapo hatujahesabu viwanja, kama ule ulioanza kujengwa Arusha mwaka 2024, wala barabara, wala hoteli. Sisemi zisilipwe. Nasema tupige hesabu kama wafanyavyo wenye maduka. Chukua sehemu moja tu katika mia ya hizo milioni 90. Utapata dola laki tisa. Hizo ni sawa na zawadi ya Rais Kagame kwa miaka 15. Yaani kwa kile ambacho wakubwa hawatakiona hata kikidondoka njiani, kombe la majirani lingepata mfuko wa kuanzia, na lisingekuwa tena omba omba wa kila Desemba.

Nilipokuwa chuoni, kabla sijajua bei ya kitu chochote, mwalimu wetu alitufundisha masharti ya watu wawili kufanya biashara kwa shirika. Mtaji wa kila mmoja ujulikane. Fungu la kila mmoja katika faida litajwe tangu mwanzo, nusu au theluthi au robo, wala lisiachwe kuwa "tutaonana baadaye". Sharti hilo likikosekana, shirika limebatilika, hata kama washirika ni ndugu wa tumbo moja. Bali kwa ndugu ndiyo zaidi, maana ndugu huona haya kuulizana. Miaka yangu yote nyuma ya mizani sijaona biashara iliyovunjika kwa sababu washirika waliulizana mapema. Nimeona nyingi zilizovunjika kwa sababu hawakuulizana.

Basi twauliza. Amaan ilijengwa kwa msaada wa Wachina mwaka 1970, na ikafanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Matengenezo hayo ni mtaji. Uwanja huo ulipotumika kwa CHAN, mtaji wetu uliingia katika shirika la nchi tatu. Thamani yake iliandikwa wapi? Faida yake iligawiwa kwa kipimo gani? Viingilio vya milangoni, haki za matangazo, malipo ya uwanja: nini kilirudi katika hazina ya Zanzibar na nini kilibaki kwingine? Huenda majibu ni mazuri. Huenda tulitendewa haki na zaidi ya haki. Lakini jibu zuri linalofungiwa kabatini haliwafai waliokatwa kodi.

Watajibu kwamba Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, na Tanzania ikilipa tumelipa, ikipata tumepata. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingetumika pande zote mbili. Mwaka 2017 Rabat tuliambiwa sisi si nchi, kwa hiyo hatuna kiti. Katika Katiba twaambiwa michezo si jambo la Muungano, kwa hiyo tujigharamie. Yaani wakati wa kukaa mezani sisi ni wamoja, na wakati wa kulipa nauli sisi ni wawili. Mtu achague moja.

Na nauli nimeitaja kwa makusudi. Watu wa mjini hawalijui jambo hili vizuri. Timu ya skuli ya Wete au Chake Chake ikichaguliwa kwenda katika michezo ya skuli za sekondari za Afrika Mashariki, kwanza ivuke kwenda Unguja, kisha ivuke tena kwenda Dar es Salaam, halafu ndiyo ianze safari ya basi ambayo wenzao wa Bara huianzia mlangoni kwao. Bahari mbili kabla ya mpaka wa kwanza. Karatasi za mchango hupita madukani, nami nimezitia mkono zaidi ya mara moja: huyu shilingi elfu mbili, yule elfu moja, mwingine ameandika jina na mbele yake ameacha nafasi tupu kwa aibu. Ikiwa serikali za ukanda huu zina fungu la ushirika wa michezo, basi bahari hizo mbili ndizo zingepaswa kuwa mstari wa kwanza katika fungu hilo. Badala yake zimeachiwa wazazi na wauza maduka.

Tunayoyataka si mengi wala si makubwa. Serikali ya Mapinduzi iweke katika bajeti yake fungu lenye jina, la michezo baina yetu na majirani, lisichanganywe na sherehe wala na safari za viongozi, na ndani yake nauli ya timu za Pemba itajwe peke yake. Hesabu ya CHAN kwa upande wa Amaan ichapwe, mapato na matumizi. Serikali yetu, kwa njia ya wajumbe wa Tanzania katika vikao vya Jumuiya, idai kwamba Ibara ya 119 ipewe mfuko wa michango ya nchi zote, na Kombe la Chalenji liwe la kwanza kulishwa kutoka mfuko huo. Na kwa kuwa Zanzibar ni mwanachama kamili wa CECAFA, itoe mchango wake kwa jina lake, hata ukiwa mdogo, ili ipate haki ya kuuliza. Kuhusu idhini ya FIFA, iombwe kwa maandishi, na kama itakataliwa, ikataliwe kwa maandishi.

Msimu wa bajeti ukifika, Waziri mwenye dhamana ya michezo atasimama katika Baraza la Wawakilishi na kuomba fedha zake. Nawaomba wanachama katika matawi yote, Unguja na Pemba, wamwendee Mwakilishi wao, awe wa chama hiki au wa kile, wampe swali moja alilipeleke Barazani: katika kila shilingi iliyotumika kwa michezo ya majirani tangu Agosti 2025, ni senti ngapi zilizotumika kwa timu iliyovaa jina la Zanzibar? Jibu litakalotolewa tutalichapa katika ukurasa huu huu, neno kwa neno, liwe la kutufurahisha au la kutuudhi.